Unasimamia vyumba vyako vya kupangisha mwenyewe? Fuata hatua hizi, hasa hiyo ya LUKU

Nina vyumba vinne Mbagala, nyumba aliyotuachia marehemu baba, na huu ni mwaka wa tisa nasimamia mwenyewe. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye vyumba viwili, vinne, sita, wale ambao kodi ya nyumba ndo ada ya watoto. Nilichokiona miaka yote hii ni kwamba watu hawagombani sana kwa ajili ya kodi, wanagombana kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla), maji, zamu ya choo na mgeni aliyekuja kulala siku moja akakaa wiki tatu. Haya yote ukiyaandika kabla hujapokea hela unapona, ukisema "tutaelewana tu" ujue hamtaelewana.

Hatua ya 1: Andaa chumba ndo umwite dalali

Chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi uone inachaji, fungua na kufunga kitasa mara kumi, mwaga ndoo nzima ya maji bafuni uangalie yanaenda wapi, kama yanasimama ita fundi leo leo. Dalali kwa hapa Dar anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa mpangaji, hilo linajulikana, ila bei ya chumba mtajie mpangaji wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Kuna dalali aliwahi kumwambia mtu chumba ni 80 wakati mi nimesema 70, yule mpangaji akakaa miezi miwili ananinunia kumbe anadhani ile elfu kumi nimekula mimi.

Hatua ya 2: Mjue unayemkaribisha

Omba kitambulisho cha taifa, cha NIDA, usiridhike na picha ya kwenye simu, kishike mkononi. Namba yake ina tarakimu 20 na zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mtu akikuandikia namba inayoanza na 1978 na mbele yako amesimama kijana wa miaka ishirini na kitu, uliza vizuri. Chukua namba za simu za ndugu wawili na uzipige hapo hapo mkiwa wote. Alafu mpeleke kwa mjumbe na serikali ya mtaa atambulike, maana siku kukitokea tatizo wewe ndo utaulizwa huyu ni nani na katokea wapi.

Hatua ya 3: Mkataba wa maandishi, hata kama ni mtoto wa shangazi

Kurasa mbili zinatosha, nakala mbili, kila mtu asaini kila ukurasa na shahidi wake, na sisi huwa tunasainia ofisi ya serikali ya mtaa. Andika kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, watu wangapi wataishi humo ndani, mgeni anaruhusiwa siku ngapi, notisi ya kuhama ni muda gani na wewe ukitaka kupandisha kodi utatoa taarifa muda gani kabla. Hiki cha mwisho wenye nyumba wengi hatukiandiki, tunamshtukiza mtu mkataba unaisha keshokutwa, na sio haki, mtu ana watoto wako shule hapo jirani.

Hatua ya 4: Tembeeni chumbani na simu ikiwa inarekodi

Siku ya kukabidhi funguo rekodi video moja tu ya dakika tatu, wewe na mpangaji mkiwa humo, mnasema kwa sauti: dirisha hili wavu umetoboka hapa, koki hii nzima, soketi hii nzima, silingi bodi ina doa la maji pale kona. Mtumie WhatsApp hapo hapo ibaki kwake na kwako.

Hatua ya 5: LUKU

Hapa nitakaa kidogo. Miaka miwili ya mwanzo wapangaji wangu wote wanne walikuwa mita moja na tunachangishana sawa. Mama mmoja anauza vitumbua, ana balbu moja na simu, analipa sawa na kijana wa chumba cha mbele mwenye friji, pasi na subwoofer. Siku moja akanifuata taratibu akaniambia, "Mama, mi sigombani na mtu, ila hela ya friji ya mwenzangu naitolea jasho." Aliniuma sana kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Dawa kubwa ni kila chumba kuwa na LUKU yake ya TANESCO. Faida yake sio amani tu, kuna tarifu ya matumizi madogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, ambayo uniti moja haifiki hata nusu ya bei ya kawaida, sasa mkichangia mita moja vyumba vinne mnazidi 75 kila mwezi na wote mnalipa bei ya juu, hata yule wa balbu moja.

Kama hela ya kuvuta mita haijapatikana, funga mita ndogo, sabumita, moja kwa kila chumba, afunge fundi umeme anayejulikana, sio kijana wa mtaani tu. Hesabu yake ni hii. Tuseme mwanzo wa mwezi mmenunua umeme wa 30,000. Angalia risiti, utaona kodi ya jengo imekatwa 1,500, zinabaki 28,500, na kwa bei ya kawaida mnapata kama uniti 80. Gawanya 28,500 kwa 80 unapata kama shilingi 356 kwa uniti. Zikiisha mnasoma sabumita pamoja: chumba cha kwanza 12, cha pili mwenye friji 31, cha tatu 9, cha nne 20, jumla 72. Zile 8 zilizobaki ni taa ya nje na pampu. Kwa hiyo wa friji ni 31 mara 356, kama 11,000, na yule wa uniti 9 ni kama 3,200. Mngegawana sawa angelipa 7,500! Uniti za nje mi nalipa mwenyewe, wengine wanagawana, vyovyote ila iwe kwenye mkataba.

Na ile 1,500 ya kodi ya jengo ni ya kwako mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka ndo inatoka hiyo 1,500 kila mwezi. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa kwake, amekulipia deni lako, mrudishie au mpunguzie kwenye kodi ya chumba. Kama kiwanja kina mita kadhaa na unaona inakatwa zaidi ya moja kwa nyumba ile ile, beba risiti nenda TRA, mamlaka ya mapato, wairekebishe.

Hatua ya 6: Maji na choo

Uniti moja ya maji ya DAWASA ni lita 1,000. Bili ikiruka ghafla usianze kuwatuhumu wapangaji, usiku wote wakilala funga koki zote, simtanki likiwa limejaa, angalia mita ya maji, kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka bomba linavuja mahali. Sisi bili tunagawa kwa vichwa, sio kwa vyumba, mtoto mchanga hahesabiwi. Shimo likijaa gari la kunyonya nalipa mimi, usafi wa choo ni zamu na ratiba imebandikwa mlangoni.

Hatua ya 7: Kodi, na siku mtu akichelewa

Pokea kwa benki au kwa simu ili kuwe na ushahidi, na bado andika risiti. Kumbusha mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, sio siku yenyewe.

Akichelewa mpigie, alafu mfuate mkae chini umuulize kuna nini. Mtu aliyefukuzwa kazi juzi na mtu anayekukwepa sio sawa. Mwenye shida ya kweli mi naandika naye kwenye daftari: leo elfu 30, tarehe 15 elfu 40, anasaini, na wengi wamelipa. Akigoma, mpe notisi ya maandishi, nakala kwa serikali ya mtaa, ikishindikana nenda Baraza la Kata mkasuluhishwe, na hapo ikikwama ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nawaomba sana, msing'oe mlango, msiezue bati, msitupe vyombo vya mtu nje. Mbali na kwamba ni ukatili mbele ya watoto, kesho yake mwenye kesi unakuwa wewe na deni lako halizungumzwi tena.

Hatua ya 8: TRA na akiba ya matengenezo

Kodi unayopokea ni kipato, kitangaze. Ukimpangisha kampuni watakukata asilimia 10 na kuipeleka TRA, dai cheti cha makato ukitunze. Kwenye kila chumba mi natenga kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka siigusi, na Februari fundi anapanda kukagua bati kabla ya masika.

Hatua ya 9: Akihama

Someni mita ya umeme na ya maji siku hiyo hiyo, fungueni ile video ya siku ya kwanza mtembee nayo chumba kizima, kilichoharibika mkubaliane bei mbele ya fundi na sio kwa kukisia, mpe barua kwamba hadaiwi. Alafu kabla mpangaji mpya hajaingiza hata ndoo, badilisha kitasa, maana funguo zilizochongwa njiani hakuna anayejua ziko ngapi na ziko kwa nani.