Karatasi moja ya kuajiri: kutoka nafasi inapotokea hadi mwisho wa majaribio

Jijini Nairobi tangazo la nafasi moja linaweza kuleta mamia ya maombi kabla ya juma kwisha, na wingi huo huwasukuma waajiri kuchuja harakaharaka kwa vigezo ambavyo hawakuwahi kuvijadili. Mwongozo huu ni wa msimamizi wa ajira katika kampuni au shirika la wastani. Njia ninayoitumia ni kuandika karatasi moja ya kazi kabla ya lolote lingine, kisha kuiacha iongoze mchujo, mahojiano, mkataba na hata siku za kwanza za mwajiriwa kazini.

Hatua ya 1: Andika karatasi ya kazi

Keti na mkuu wa idara pamoja na, ikiwezekana, mtu anayeifanya kazi hiyo sasa. Msianze kwa kujadili mnataka mtu wa namna gani. Andikeni kwanza mambo ambayo mtu huyo atakuwa anayafanya bila kusimamiwa kufikia mwisho wa mwezi wa tatu. Tuseme ghala moja katika Eneo la Viwanda linahitaji karani. Kuandika kwamba awe mchapakazi na mwaminifu hakumsaidii yeyote, kwa sababu kila mwombaji atasema hivyo. Andikeni kwamba atapokea mizigo peke yake, atalinganisha hati za mizigo na oda zilizotolewa, na kila Ijumaa atahesabu bidhaa na kueleza kwa maandishi kila upungufu.

Kutokana na kazi hizo toeni vigezo vitano au sita, mkitenganisha vya lazima na vya ziada. Hapa ndipo shahada hudaiwa bila sababu. Ikiwa kazi hii inafanywa vizuri na mtu aliyemaliza kidato cha nne na mwenye uzoefu wa ghala, kudai shahada ni kumfungia mlango anayeiweza na kumkaribisha atakayeondoka mara tu apatapo kazi inayolingana na masomo yake.

Hatua ya 2: Tangaza

Taja mahali pa kazi, saa, kiwango cha mshahara na tarehe ya mwisho. Eleza wazi kwamba mwombaji hatozwi ada yoyote, kwa kuwa matapeli hutumia majina ya kampuni halisi kuwapora wanaotafuta kazi. Usidai cheti cha maadili mema cha polisi wala vyeti vya KRA (mamlaka ya ushuru) na HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) katika hatua hii: marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kuvidai kabla ya kukusudia kumpa mtu huyo mkataba.

Hatua ya 3: Chuja

Watu wawili wapime kila ombi kwa vigezo vilevile, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe alama. Ninapendekeza majina yafunikwe, kwa maana nchini kwetu jina hutaja kabila kabla mwenye jina hajasomwa sifa zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito na mingineyo, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Bila karatasi za alama hutakuwa na la kuonyesha. Mkurugenzi naye akileta jina la jamaa yake, lipokee kwa heshima na ulipitishe katika mizani hiyohiyo.

Hatua ya 4: Fanya mahojiano

Jopo la watu watatu latosha. Waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mjadala, la sivyo wadogo watafuata kauli ya mkubwa wao. Maswali kuhusu ndoa na uzazi hayana nafasi hapa.

Mahojiano peke yake humpendelea msemaji hodari, kwa hiyo ongeza jaribio la kazi yenyewe. Mpe karani mtarajiwa oda na hati za mizigo zenye tofauti ulizozipanda, umwombe azitafute na kuziandikia maelezo mafupi. Vilevile, mpe kila mtu saa yake. Kuwaita wote saa mbili asubuhi, wengine wakitoka Kitengela na Ruiru, kisha kuwaweka mapokezi hadi alasiri, ni kuwakosea heshima watu wanaotumia nauli yao wenyewe.

Hatua ya 5: Thibitisha na uandikiane naye mkataba

Thibitisha vyeti kwa taasisi zilizovitoa, na uzungumze na msimamizi wake wa zamani. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na sheria inataka ueleze kazi yenyewe, kwa hiyo tumia maneno ya karatasi yako. Mweleze pia makato kabla hajatia sahihi, yakiwemo asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba, ili mshahara wa kwanza usimshtue.

Hatua ya 6: Mpokee

Jina lake liwe langoni, na viatu vya usalama viwe tayari kabla hajafika. Siku ya kwanza mwonyeshe milango ya dharura, sanduku la huduma ya kwanza na mwenzake mmoja ambaye atamuuliza lolote bila aibu. Kumkabidhi jalada la kanuni na kumwacha alisome pembeni si kumpokea. Juma la kwanza afuatane na mwenzake huyo. Kisha mkutane mwishoni mwa juma hilo, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, karatasi ya kazi ikiwa mezani, mkitia alama anayoyaweza na kupanga mafunzo ya yaliyobaki.

Hatua ya 7: Amua kabla ya majaribio kwisha

Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine ikiwa mwajiriwa amekubali. Kuachana ndani ya muda huo kunahitaji notisi ya siku saba au zaidi, au malipo badala yake. Msikilize kwanza, umwonyeshe alama za mikutano yenu, kisha umpe uamuzi kwa barua kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika mkataba.