Kuingiza rekodi za chaneli nyingi kwenye kompyuta bila kupoteza metadata

Mwongozo huu ni wa wanaorekodi ngoma, taarabu au kasida nje ya studio. Mfano nitakaoutumia ni ngoma iliyorekodiwa usiku karibu na ufukwe wa Bagamoyo: maikrofoni nane, kinasa sauti kimoja, faili moja la WAV lililobeba traki zote. Ndani ya faili hilo, mbali na sauti, kinasa kimeandika tarehe, saa, jina la kila traki na maelezo uliyojaza mwenyewe. Metadata ndiyo hiyo. Ikipotea, siku mjukuu wa manju atakapokuja kuulizia sauti ya babu yake hutajua umpe faili lipi, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko maikrofoni kuingiwa na upepo.

Hatua ya 1: Nakili kadi nzima

Usifungue faili moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Nakili folda zote jinsi zilivyo, weka nakala ya pili kwenye diski nyingine, na usibadilishe jina la faili lolote kwa sasa. Kadi isifutwe mpaka umalize hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Soma kabla ya kuingiza

Pakua BWF MetaEdit, programu ya kusoma na kuhariri metadata; ni ya bure. Buruta mafaili yako humo, utaona sehemu mbili zinazotuhusu.

Ya kwanza ni bext, iliyotokana na BWF, muundo wa faili la sauti ambao Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliutoa mwaka 1997. Ina nafasi ya maelezo ya herufi 256, tarehe, na saa ya kuanza kurekodi. Saa hiyo huhifadhiwa kama idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti ambavyo kinasa huchukua maelfu kwa sekunde) tangu usiku wa manane. Ukiona 3,456,000,000 na ulirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, gawanya: unapata sekunde 72,000, yaani 20:00. Kwenye daftari lako huenda uliandika saa 2 usiku. Ni sawa, ila zisipolingana hivyo, basi saa ya kinasa haikuwekwa vizuri; rekebisha sasa, wakati bado unakumbuka.

Ya pili ni iXML, yenye orodha ya traki. Hapa tulia, kwa sababu ndipo wengi wanapotea. Baadhi ya vinasa sauti huweka mchanganyiko wa kushoto na kulia mwanzoni mwa faili. Kwa hiyo maikrofoni nane zinatoa faili la chaneli kumi, na maikrofoni ya kwanza inakaa chaneli ya tatu. Asiyejua hili atauita msondo chapuo, na waitikiaji atawaita manju. Nakili orodha hiyo daftarini kama ilivyo: 1 na 2 mchanganyiko, 3 manju, 4 waitikiaji, 5 msondo, 6 chapuo, 7 vumi, 8 zumari, 9 na 10 mazingira.

Kisha jaza maelezo yaliyokosekana kwenye bext: jina la kikundi, manju, mtaa, aina ya ngoma. Sauti yenyewe haiguswi.

Hatua ya 3: Ingiza

Mimi natumia REAPER, programu ya kuhariri sauti, kwa kuwa haiandiki chochote juu ya faili la asili. Audacity, programu nyingine ya aina hiyo, ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini haihamishi bext wala iXML kwenda faili jipya, hivyo kwa kazi hii iache.

Fungua mradi mpya, uweke kwenye idadi ileile ya sampuli kwa sekunde kama ya rekodi, uuhifadhi, kisha buruta mafaili ndani. Bonyeza alama ya kuuliza kupata orodha ya amri, andika BWF, uchague amri ya kupeleka kipande kwenye saa yake ya asili. Vipande vitaruka mbali sana kulia. Usishtuke, vimeenda panapostahili.

Faida yake utaiona kwenye ngoma ndefu. Faili la kawaida la WAV haliwezi kuzidi GB 4, na chaneli kumi za biti 24 kwa sampuli 48,000 huujaza ukubwa huo kabla ya dakika 50. Vinasa vingi hukata hapo na kuanza faili jingine. Kwa saa ya bext, vipande hivyo hujiunga vyenyewe pale vilipokatwa, katikati ya itikio.

Hatua ya 4: Tenganisha chaneli

Chagua vipande, rudi kwenye orodha ya amri, andika multichannel, uchague amri ya kupasua chaneli ziwe traki mojamoja. Zipe majina kwa kufuata daftari. Sikiliza kila moja peke yake kabla ya kuandika jina. Zumari na manju hutambulika papo hapo, ngoma zinahitaji sikio.

Hatua ya 5: Toa faili jipya

Usivute vipande kurudi mwanzo wa mradi, maana REAPER huandika saa kulingana na mahali kipande kilipo. Kwenye dirisha la kutoa faili chagua WAV na weka alama kwenye kisanduku cha bext.

Faili likitoka, lifungue tena kwenye BWF MetaEdit ulilinganishe na la asili. Saa ikikosekana au jina la manju halipo, lijaze hapohapo, kabla hujalituma kwa kikundi.