Shamba la kuvutia hua: namna ya kulipanda na kulitunza kwa ajili ya kuwinda, ukanda wa Bagamoyo

Wanaouliza habari za shamba la hua karibu wote huanza na mbegu: nipande nini? Jibu lipo na nitalitoa, lakini kinachomleta hua na kumrudisha kesho yake ni punje zilizolala juu ya udongo mtupu. Hua hachakuri kama kuku. Anatembea, anaona, anadonoa. Akikuta majani yamefunika ardhi, hata kama chini yake umemwaga debe zima la uwele, anaruka zake kwenda kwa jirani. Basi jua mapema kwamba jasho lako kubwa litaishia kwenye palizi na kufyeka.

Ninayoyaeleza ni ya upande wetu wa Fukayosi, Makurunge na Kiwangwa, penye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Aliye Pangani au Muheza atasogeza tarehe kidogo.

Hatua ya 1: karatasi kwanza

Uwindaji wa ndege wa porini uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na shamba kuwa lako hakumfanyi hua awe wako. Pita kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujanunua hata kilo moja ya mbegu. Leseni inataja aina ya ndege, idadi, eneo na muda. Isome yote, kisha panga kilimo chako kwa kurudi nyuma kutoka tarehe zake. Bunduki nayo iwe na kibali chake. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa, maana milio ya bunduki jioni bila taarifa huleta watu mbio.

Wavu, mtego na sumu ni marufuku. Na kama uko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hakikisha mpaka uko wapi. Ndani ya hifadhi hakuna mazungumzo.

Hatua ya 2: jua unamwita nani

Wanaokuja kwenye nafaka ni hua wa shingo yenye utepe mweusi, tetere, na pugi wadogo. Ninga, yule wa kijani, mwache kwenye mikuyu yake. Yeye ni mla matunda na shamba lako halimhusu. Halafu kuna njiwa manga wa watu. Ukiwa karibu na makazi, watakuja kabla ya hua yeyote, na ukimpiga mmoja utalipa pesa na lawama. Kama nyumba zinaonekana kutoka shambani, tafuta shamba jingine.

Hatua ya 3: mahali

Eka moja mpaka mbili zinatosha kwa wawindaji watatu au wanne. Pawe wazi, pawe na miti mirefu ya kulala si mbali sana: minazi, miembe, mikorosho mikubwa. Ukiwa na mkorosho uliokauka ukingoni, usiukate. Hua hapendi kutua moja kwa moja. Hukaa kwanza juu ya tawi lisilo na majani, akaangalia, ndipo akashuka.

Maji ni muhimu karibu sawa na chakula, kwa sababu anayeishi kwa punje kavu lazima anywe kila siku. Anakunywa kwa kufyonza, mdomo umezama, wala hainui kichwa kama ndege wengine, kwa hiyo anataka ukingo wa chini, mtupu, usio na matete ya kumfichia paka pori. Kama una lambo au kidimbwi, safisha upande mmoja tu, hatua kumi hivi, uwe mteremko wa mchanga. Mchanga wenyewe na changarawe ndogo anaumeza pia, vinasaga punje tumboni.

Hatua ya 4: mazao, na lini

Usipande kitu kimoja. Gawa shamba katika kanda za upana wa mita kumi au zaidi, ukipishanisha zao na ukanda mtupu uliolimwa.

Uwele ndio chaguo langu la kwanza. Unastahimili ukame, unakomaa kwa takriban miezi mitatu, punje zake ni ndogo na zinapukutika vizuri. Chagua aina isiyo na miiba kwenye suke. Mkulima wa kawaida huitaka yenye miiba ili ndege washindwe; wewe shida yako ni kinyume. Kilo mbili kwa eka zinatosha.

Ufuta unafuata. Vibweta vyake vikikauka vinapasuka vyenyewe na kumwaga mbegu, jambo linalomkera mkulima wa biashara na kukufaa wewe. Panda kwa nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari, halafu punguza miche iachane kama sentimita 10.

Alizeti inahitaji sentimita 75 kwa 30, na inakomaa kwa siku 90 hadi 110. Uzuri wake ni kwamba majani mapana yanaweka kivuli na magugu yanapungua chini. Mtama mfupi kama Macia unafaa pia. Mahindi sipandi kwa kazi hii: punje ni kubwa kwa pugi, na nguruwe pori na ngedere watakuwa wamekumalizia kabla hua hajajua kuna chakula.

Kwa kuwinda Julai na Agosti, panda kati ya mwanzo na katikati ya Aprili. Ukiwahi mno, alizeti na ufuta vinakomaa mvua ikiwa bado inanyesha, vinaoza na kuota ukungu. Ukichelewa hadi Mei, mbegu inakosa maji ya kujazia punje. Mbegu iliyopakwa dawa, ile ya rangi nyekundu au ya kijani, ifukie yote. Ikibaki juu, inaua ndege, na anayemla ndege huyo anakula dawa.

Hatua ya 5: palizi

Palizi mbili kwa lazima: ya wiki ya pili au ya tatu, na ya wiki ya sita. Ya tatu, ambayo wengi huiruka kwa sababu zao limeshakuwa refu, ndiyo inayotenganisha shamba la hua na shamba la kawaida. Ingia na jembe dogo katikati ya mistari wiki tatu kabla ya kukomaa, uondoe ndago na nyasi zote. Inama, tazama usawa wa goti: kama unaona udongo mtupu mpaka mwisho wa mstari, umemaliza.

Mnana na kwera watakuja kwenye masuke mapema. Usihangaike kuwafukuza. Wanakula juu kwa fujo, na zinazowaponyoka zinaanguka chini kwa hua. Wao ndio tangazo lako la kwanza.

Hatua ya 6: kufyeka kwa zamu

Hapa ndipo watu huharibu. Wanafyeka shamba zima siku moja, linajaa ndege kwa wiki, kisha punje zinaisha.

Wiki tatu kabla ya siku ya kuwinda, fyeka ukanda mmoja tu, ule ulio karibu na mti mkavu. Kata mashina chini kabisa, piga masuke kwa fimbo pale pale yapukutike, halafu kusanya mabua uyatoe nje ya ukanda. Mabua yakibaki yamelala, umerudisha kifuniko ulichohangaika kukiondoa. Siku chache baadaye utaona hua wawili, watatu, asubuhi na tena alasiri. Waache. Baada ya wiki fyeka ukanda wa pili, na hivyo hivyo. Zao likiwa linasimama bado kwenye kanda nyingine, nawe una pa kujificha.

Kuna anayeuliza kwa nini asinunue gunia la mtama akamwaga. Huko Marekani, ambako kuwinda hua juu ya alizeti ni desturi ya kila Septemba, sheria ya shirikisho inakataza kuwawinda juu ya nafaka iliyomwagwa kama chambo, lakini inaruhusu kufyeka zao lililoota pale pale. Hata pasipo sheria hiyo, mimi nafuata mstari huo huo. Punje za gunia huliwa siku mbili, na ndege hawajengi mazoea.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Julai upepo ni wa kusi. Hua hutua akiukabili upepo, kwa hiyo atakuja kutoka upande wa kaskazini. Kaa kona ya kusini-magharibi: upepo uko nyuma yako na jua la alasiri linabaki nyuma ya bega la kushoto. Tumia marisawa madogo, vile vidonge vinavyotawanyika bunduki ikilia, namba 7 au 8, wala usifyatue zaidi ya mita 35. Piga ndege mwenye anga nyuma yake tu. Anayeruka chini mwache, kwa maana nyuma yake yuko mwenzako. Aliyekaa kwenye waya wa umeme mwache pia.

Aliyeanguka mwendee hapo hapo, kabla hujapiga wa pili. Rangi yake ni ya udongo, ukigeuza macho umempoteza. Waislamu hutaja jina la Mungu wanapofyatua, na ndege akikutwa hai anachinjwa papo hapo, hivyo kisu kikae kiunoni, si kwenye begi.

Acha kupiga saa moja kabla ya jua kuzama, ili hua wale na kunywa kwa amani. Usipige majini kabisa. Mara moja kwa wiki inatosha. Ukipiga kila siku, wanahama.

Hatua ya 8: baada ya msimu

Lima shamba kwa kina mara unapomaliza. Marisawa ya risasi yaliyotapakaa juu ya udongo hua huyameza akidhani ni punje au changarawe, na madini hayo ya risasi humuua polepole. Maganda ya risasi yaokote yote. Kanda zilizochoka panda kunde wakati wa vuli, zinarudisha rutuba, na majani yake unakula mwenyewe.