Somo: Kuhama Tabora kwenda Dar kwa gari, upite Itigi au uzungukie Singida?

Ndugu zangu wanachama wa kundi letu, shule zikikaribia kufungwa maswali huwa yale yale: nahama, nipite wapi? Wengi mnauliza njia kabla hamjajua gari gani litabeba nini, na hapo ndipo gharama na matatizo yanapoanzia. Jueni kwanza mzigo wenu, halafu watu mnaosafiri nao, njia ije mwisho. Na niseme mapema ninachokiamini: mzigo upite njia fupi, familia ikiwa na gari dogo na siku moja ya ziada ipite njia ndefu. Hakuna aliyesema kabati na watoto lazima wapite barabara moja.

Hatua ya 1: Zijue njia zenyewe

Njia fupi inatoka Tabora mjini, inapita Nyahua, Chaya na Itigi hadi Manyoni, kama kilomita 260. Zamani kipande hiki kilikuwa vumbi na matope, ndiyo maana wazee wetu wote walizungukia Nzega. Sasa ni lami. Unaanza na misitu ya miombo, kisha unaingia kwenye vichaka vya Itigi, vifupi lakini vimesongamana hata mtu hapenyi bila panga. Inapendeza, hasa mvua za kwanza zikishanyesha majani yakachipua, ila vijiji viko mbalimbali na huduma ni chache. Jaza tanki Tabora, usisubiri mbele.

Njia ndefu inakwenda Nzega, Igunga, Shelui, Singida, Ikungi, halafu Manyoni. Inaizidi ile ya kwanza kwa zaidi ya kilomita 150. Lakini nchi inabadilika mbele ya macho yako. Ukitoka Igunga unavuka mbuga ya Wembere, tambarare kabisa, na wakati wa maji ndege ni wengi. Ukishapita Shelui unaanza kupanda Sekenke, kona juu ya kona, mpaka unatokea juu Iramba na hewa nyingine. Kisha Singida yenyewe: mawe makubwa yaliyopangana kila upande, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yako pale pale mjini. Mtoto aliyezaliwa Tabora, asiyewahi kuona ziwa, mpitishe hapa.

Iko na ya tatu, ya mwenye nafasi hasa: ukifika Singida unakata kwenda Katesh na Babati, unauona mlima Hanang vizuri, kisha unashuka Kondoa hadi Dodoma. Pale Kolo kuna michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Barabara ni lami, lakini kwa mtu anayehama ni mzunguko mkubwa. Nenda huko kama funguo za nyumba mpya hazikusubiri.

Jambo moja wengi hawalifikirii: Itigi na Singida zote zinakutana Manyoni. Na mandhari kubwa kuliko zote, ule mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa sehemu za Saranda, unaposhuka kuelekea Kintinku na kuiona nchi ya Bahi imelala chini mbali, uko mbele ya Manyoni. Kwa hiyo hata aliyepita njia fupi haukosi.

Hatua ya 2: Tafuta lori linalorudi

Malori yanayoleta saruji na bidhaa za dukani Tabora hayapendi kurudi Dar matupu. Hilo ndilo lako. Ukikodi gari kutoka mjini kwa safari maalumu, utalipia kwenda na kurudi kwake. Ila angalia msimu: masoko ya tumbaku yakifunguliwa Urambo, Kaliua na Sikonge, malori yanapata mzigo wa kupeleka viwandani Morogoro, na bei inapanda. Ukiweza kuhama nje ya msimu huo, hama.

Gari lenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 linaingia kila mizani njiani, na wanapima kila ekseli. Mwambie dereva asirundike friji, jiko na magunia yote nyuma. Mizani ikikataa, mtapanga upya juani huku foleni ikiwangoja.

Hatua ya 3: Karatasi

Chukua barua ya serikali ya mtaa inayosema ni wewe unayehama na hivyo ni vyombo vyako. Ukiwa mtumishi, ambatanisha nakala ya barua ya uhamisho. Nakala moja ikae na dereva wa lori.

Vitanda na makabati ya mninga, beba risiti ya fundi. Mbao ghafi na mkaa ni habari nyingine: vinahitaji hati ya kusafirishia ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na kama huna, acha. Mazao ya nyumbani yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru ukivuka halmashauri, kwa hiyo magunia mawili ya mpunga yasikunyime usingizi. Kuku na mbuzi wanahitaji kibali cha ofisi ya mifugo.

Hatua ya 4: Kufunga

Kitanda kifunguliwe. Bolti zake zitie kwenye soksi, soksi uifunge kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho, siyo kwenye ndoo ya vikorokoro. Friji isafiri wima. Ikilazimika kulazwa, ikifika isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Asali, maana najua hakuna anayehama Tabora bila asali, weka nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, na ndoo isimame chini, isiwe juu ya magodoro. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri, usimame, na usikae kwenye gari la abiria.

Kamba zote hulegea. Mzigo ukishatikisika unajipanga upya, turubai linaanza kupiga makofi. Msimame baada ya nusu saa au saa moja, mkaze tena. Dereva akisema haina haja, kaza wewe.

Hatua ya 5: Matairi na saa ya kuondoka

Hapa naomba msinirukie. Chuchumaa pembeni ya tairi, tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho wake kwenye tarakimu nne. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Gari lililozoea safari za Ipuli na sokoni, hapa hapa Tabora mjini, halijawahi kukimbia saa tano mfululizo kwenye lami ya moto na mzigo juu. Matairi ndiyo yatakayokuambia kwanza. Angalia na la akiba pia, lina upepo?

Kuondoka: saa kumi na moja alfajiri ni nzuri, ila kumbuka unaelekea mashariki. Kati ya saa moja na saa mbili jua linakuja usoni moja kwa moja. Futa kioo cha mbele kwa ndani, ndiko ukungu wa vumbi unakokaa, na uwe na miwani.

Kipande cha Nyahua hadi Chaya usikipite usiku. Gari likiharibika watu wanaweka matawi ya miti barabarani kama onyo. Mchana unayaona mapema, usiku unayaona ukiwa umeyafikia. Ukiona tawi kwenye lami, punguza mwendo hapo hapo. Na vijijini ni kilomita 50 kwa saa, hata kama barabara inaonekana tupu.

Hatua ya 6: Lala Dodoma

Tabora hadi Dar kupitia Itigi ni kama kilomita 840. Wapo wanaomaliza kwa siku moja. Mwenye watoto asijaribu. Lala Dodoma, asubuhi endelea Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro.

Ukifika Chalinze fikiria nyumba yako iko upande gani. Kama ni Bunju, Boko au Tegeta, kata kushoto kwenda Msata, kisha Bagamoyo, uingie mjini kwa juu. Utakwepa foleni ya Mlandizi na Kibaha, na lori lako halitazunguka jiji zima.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Isevya: *Habari mkuu. Mimi nina gari dogo, IST, vitu vyangu si vingi. Siwezi kuweka vyote ndani na juu, nikaachana na lori?*

Salama ndugu. Nguo na vyombo vya jikoni, sawa. Godoro juu na magunia nyuma, hapana. Gari likikaa chini nyuma, taa za mbele zinaangalia juu, breki zinachelewa, na usukani unakuwa mwepesi. Ungana na mwenzako anayehama, mchangie lori.

Kutoka Cheyo: *Shikamoo. Tunasafiri na mama mzee, akikaa muda mrefu miguu inavimba. Na yeye apite Singida?*

Marahaba mwanangu. Bibi apite njia fupi. Akae kiti cha mbele, kila saa mbili asimame na kutembea kidogo. Mkifika Dodoma, apumzike usiku, kesho yake apande treni ya SGR kwenda Dar na mjukuu mmoja. Tangu 2024 inafanya kazi, na kwa mzee inamfaa kuliko kukaa kwenye gari kutwa. Kama ana presha, dawa zikae kwenye mkoba wake, zisiende na mzigo.

Kutoka Kigoma mjini: *Sisi wa huku je? Uvinza au Kasulu?*

Uvinza ndiyo fupi: mnavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, mnapita Kaliua na Urambo mpaka Tabora, halafu mnafuata somo hili. Ya Kasulu inapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi na Kahama, inatokea Nzega, kwa hiyo mkipita huko tayari mko upande wa Singida na hakuna sababu ya kurudi Tabora. Ulizeni madereva wa mabasi stendi siku mbili kabla. Wao walipita jana.

Kutoka Urambo: *Nahamia Mbeya. Kwenye ramani naona Sikonge, Ipole, Rungwa, Chunya. Ni fupi sana.*

Kwenye ramani, ndiyo. Lakini ni msitu mrefu, watu wachache, mbung'o wengi, na lami haiko kote. Gari la mzigo wa nyumba likikwama humo wakati wa masika, hakuna wa kukusukuma. Zunguka Dodoma, pita Mtera, Iringa, Makambako. Utachoka, ila utafika na vyombo vyako.

Kutoka Ipuli: *Kaka, nimeelewa, ila hapo pa kutenganisha mzigo na familia sijaridhika. Lori likifika kabla yetu atapokea nani? Na dereva akipotea na vitu vyangu?*

Swali zuri, na ndiyo sababu mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo lazima apande lori. Baba, shemeji, kijana mkubwa, yeyote mnayemwamini. Kabla ya kupakia, piga picha namba za gari, leseni ya dereva na mzigo ukiwa wazi. Lipa sehemu wakati wa kupakia, iliyobaki mzigo ukishashushwa ndani. Vyeti, hati na dhahabu ya mama visiguse lori kabisa. Nyinyi wa njia ndefu tangulieni siku moja, mlale Singida, mlale Dodoma. Lori liondoke kesho yake alfajiri. Hata likiwawahi, ufunguo wa nyumba ya Dar awe nao yule aliyepanda lori.