Kabla ya kununua priampu ya gitaa kavu

Chungulia kwanza gitaa lako mwenyewe. Ukikuta betri ya volti 9, au vitufe vya besi na trebo ubavuni, priampu, kile kifaa cha kukuza na kurekebisha sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye mikseri, unayo tayari. Unachohitaji pengine ni boksi la DI tu, la kufikisha sauti kwenye mikseri kwa kebo ya XLR. Wauzaji hawana haraka ya kukwambia hivyo.

Kama hakuna betri, jua pikapu yako, yaani kinasa sauti cha gitaa, ni ya aina gani. Ile ya sumaku inayobanwa kwenye tundu la gitaa haina makuu. Yenye masharti ni piezo, kile kipande chembamba kinacholala chini ya mfupa wa daraja. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye laini ya mikseri, ambayo ukinzani wake huwa kiloomu 10 hivi, besi inatoweka na gitaa linalia kama bati. Wengi watakwambia priampu yenye ukinzani wa megaomu 1 inatosha. Piga hesabu: piezo yenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi 1 ikikutana na megaomu 1, besi inaanza kushuka kwenye Hz 160 hivi, wakati uzi mnene, ile E ya chini, uko Hz 82. Kwa megaomu 10 mpaka huo unateremka hadi Hz 16, ambako gitaa halifiki. Priampu ya Para DI ya L.R. Baggs ina megaomu 10 kwa sababu hiyo. Namba hii ya ukinzani isome kabla ya kuhesabu vitufe.

Halafu fikiria mahali unapopiga. Mgahawani au kwenye sherehe ya uani, spika iko hatua chache tu kutoka ulipo, na gitaa linaanza kuvuma lenyewe, mara nyingi karibu na Hz 100, pale hewa iliyomo tumboni mwake inapotikisika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo swichi ya fezi, inayogeuza mawimbi ya sauti juu chini, na kichujio cha nochi, kinachokata masafa membamba tu, ni vya lazima. Jaribu fezi kwanza. Mvumo ukibaki, sogeza nochi taratibu mpaka ukate. Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu nacho husaidia, na bei yake ni ndogo. Mwangwi usiulipie, mikseri nyingi zinao.

Kuhusu umeme, muulize fundi mitambo mapema kama mikseri yake inatoa fantomu ya volti 48, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya XLR, na kama priampu unayoitaka inaikubali. Hata akisema ndiyo, beba betri mpya, na uchomoe jeki ukimaliza, maana kwenye vifaa vingi jeki ndiyo inayowasha betri. Swichi ya kukata ethi, yaani waya wa ardhi, itakufaa siku laini inapokoroma.

Dukani, jaribu kwa gitaa lako na kwa spika iliyofunguliwa sauti ya ukumbini. Kwenye hedifoni priampu zote ni tulivu.