Njiwa wako kafiwa au kaachwa? Namna ya kumpatia mwenza mpya bila kuvuruga banda

Nina jozi 14 za njiwa hapa Ngamiani, Tanga. Swali ninaloulizwa sana si la chakula wala la ugonjwa, ni hili: "Dume wangu kaliwa na paka, jike nimfanyeje?" Wengi hukimbilia sokoni siku hiyohiyo, wananunua dume mwingine na kumtupia bandani. Wiki haiishi, mayai yamevunjika na jozi ya jirani nayo imeharibika.

Humu nitawataja mara kwa mara ndege wa baharini, hasa albatrosi, kwa sababu mambo ya kufiwa na kuachana yamechunguzwa sana kwao. Huvishwa pete mguuni, hurudi kisiwa kilekile kuzaa, na huishi miaka mingi na mwenza mmoja. Usiende kumtafuta albatrosi Sahare, kule utaona buabua na shakwe tu wamejipanga juu ya fungu maji yakitoka. Lakini aliyewahi kukaa na njiwa akisikia habari za albatrosi hashangai sana.

Hatua ya 1: Hakikisha kama kweli kafa

Njiwa asiporudi jioni hajafa bado. Huenda kafukuzwa na kipanga akalala Raskazone, huenda kafungiwa kwenye banda la mtu. Mimi husubiri siku 10 kamili, isipokuwa nimeona manyoya na damu.

Sheria hii nimeilipia. Mwaka juzi dume wa jike wangu mweupe alipotea. Siku ya 3 nikaleta dume mwingine, mwekundu. Shangazi yangu alikuwa anachambua mchele uani, akanitazama juu ya miwani: "Hee, hata arobaini haijafika ushamposea?" Nikamjibu, "Shangazi, njiwa hana arobaini." Siku ya 9, saa kumi na moja jioni, dume wa zamani akatua juu ya bati, mkia umenyofoka nusu, akaingia moja kwa moja kwenye sanduku lake. Walipigana mpaka mwekundu akatoka damu kando ya jicho, na katika purukushani wakaangukia kiota cha chini na kuponda mayai mawili ya watu wasiohusika. Shangazi hakusema neno. Aliendelea na mchele wake.

Watafiti wa ndege wa baharini wana subira hiyohiyo. Ndege mmoja asipoonekana msimu huu, hawaandiki kwamba jozi imeachana, kwa sababu albatrosi anaweza kuruka msimu mzima bila kuja kutaga. Talaka huhesabiwa pale wote wawili wanapojulikana kuwa hai na mmojawapo kaonekana kaoana na mwingine. Nawe fanya hivyo: wavishe pete za rangi mguuni, uandike kwenye daftari nani yuko na nani. Bila pete utadhani unawajua, halafu siku moja utamchanganya mtu na shemeji yake.

Hatua ya 2: Okoa kilichomo kiotani

Hapa ndipo pa kuharakisha. Njiwa hutaga mayai mawili na huyaatamia kwa zamu, siku 17 hadi 19. Dume hukaa mchana, takriban kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na jike huchukua muda uliobaki pamoja na usiku kucha. Kwa hiyo mayai yakiwa wazi saa sita mchana, aliyepotea ni dume. Ukiyakuta ya baridi alfajiri, ni jike.

Aliyebaki atajitahidi siku moja au mbili, kisha njaa itamtoa. Kwa albatrosi ni vibaya zaidi: wakati mmoja yuko juu ya yai, mwenzake yuko baharini anatafuta chakula kwa siku nyingi, pengine wiki. Asiporudi, aliye kiotani hana njia, ataliacha yai.

Wewe una njia. Tafuta jozi nyingine iliyotaga ndani ya tofauti ya siku mbili, uwape yai moja. Usiwape yote mawili, makinda manne ni mzigo. Kama hakuna jozi ya hivyo, yaondoe na usijilaumu.

Makinda ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji joto na yale maziwa ya kooni ambayo baba na mama wote hutoa, kwa hiyo hao nao wahamishie kwa jozi yenye makinda wa umri huohuo. Waliopita siku 10 mzazi mmoja anawaweza. Msogezee mtama na choroko karibu na sanduku, na maji ya kina cha kutosha kuzamisha mdomo mzima, maana njiwa hunywa kwa kufyonza, hadonoi maji kama kuku. Jioni gusa kifua cha kinda chini ya shingo: aliyeshiba ana kifuko kilichojaa, unasikia punje zikiteleza chini ya kidole. Ukikuta kimelegea, loweka choroko na umlishe mwenyewe, punje mojamoja.

Hatua ya 3: Usiguse sanduku

Huruma huwafanya watu kubomoa kiota cha marehemu na kukiosha. Acha chelewa na vinyesi vyake vilivyo. Sanduku ndiyo anwani ya ndoa. Tazama pengwini wakubwa wa Antaktika, wale wa emperor: hawana kiota, yai hulibeba juu ya miguu kwenye barafu tupu, na msimu ukirudi hawana mahali pa kukutania. Wengi wao hubadilisha wenza mwaka hadi mwaka. Ndege wanaorudi kwenye kiota kilekile hudumu zaidi na mwenza wao.

Hatua ya 4: Eda

Binadamu eda yake ni miezi minne na siku kumi. Njiwa wengi huwa tayari ndani ya wiki mbili au tatu, wengine haraka zaidi. Usiangalie kalenda, mwangalie yeye. Dume aliye tayari huvimbisha shingo na kulia mlangoni mwa sanduku, jike aliye tayari huanza kuwaitikia madume kwa kichwa. Anayejikunyata pembeni na kula kidogo muache.

Albatrosi hukawia sana kwa sababu uchumba wao ni ngoma ndefu ya kuinamiana na kugonganisha midomo, na kumpata wa kucheza naye vizuri kunaweza kuchukua miaka. Jike maarufu aitwaye Wisdom alivishwa pete kisiwani Midway, bahari ya Pasifiki, mwaka 1956. Mwenzake Akeakamai hakuonekana kwa misimu kadhaa, na ilipofika 2024 ndipo Wisdom akataga yai akiwa na dume mwingine.

Hatua ya 5: Sanduku la uchumba

Chukua kreti, ligawe katikati kwa waya wa kuku, weka dume upande mmoja na jike upande wa pili, kila mmoja na chakula chake. Siku 7 hadi 10. Unachotafuta ni hiki: usiku wanalala wamegusana kwenye waya, na mchana wanachambuana manyoya ya shingo kupitia matundu. Ukiona mmoja anadonoa kichwa cha mwenzake kila akisogea, badilisha mtu.

Toa waya jioni jua likizama, giza linawatuliza. Asubuhi kaa nao saa nzima. Jike akitia mdomo ndani ya mdomo wa dume, wahamishie kwenye sanduku la kudumu. Yai la kwanza hutarajiwa baada ya siku 8 hadi 12 hivi.

Wakiachana wakati wote wako hai

Hapa usimlaumu ndege kabla hujakagua nyumba. Mara nyingi talaka hufuata mayai yaliyoharibika. Kwenye visiwa vya Falkland, albatrosi wenye nyusi nyeusi huachana kwa wastani wa asilimia 3.7 kwa mwaka, lakini mwaka 2017 bahari ilipopata joto ilifika asilimia 7.7, na hata majike waliofanikiwa kulea waliondoka. Bandani kwangu "bahari ya joto" ni bati linalovuja, utitiri na panya. Nikiziba na kupiga dawa, nusu ya ndoa hurudi zenyewe.

Hakikisha pia si majike wawili. Ukikuta mayai manne na yote hayana kitu, jibu umeshapata. Hata hilo si ajabu: Oahu, Hawaii, asilimia 31 ya jozi za albatrosi wa Laysan zilizochunguzwa zilikuwa za majike watupu, na baadhi yao walilea makinda baada ya kupandwa na madume wa watu.

Na wa zamani akirudi?

Kama jozi mpya haijataga, muachie jike achague. Kama imeshataga, mhamishe aliyerudi kwenye tundu ambalo halioni banda, na umwanzishie uchumba wake mwenyewe.

Jike wangu mweupe alirudi kwa dume wa mkia nusu jioni ileile. Mwekundu nilimpa jike wa kijivu na sanduku upande wa pili wa banda. Mwezi mzima wa kwanza, kila asubuhi, alipitia sanduku la mweupe, akachungulia, ndipo akaenda kwake.