Somo: Kukifufua na kukipiga kinanda cha Korg Polysix hapa Lamu

Kinanda changu nilikileta kwa boti kutoka Mokowe, kimefungwa kwa leso mbili na godoro la mtoto, na kutoka gatini hadi nyumbani Langoni kikabebwa na punda. Hakikuumia njiani. Kilikuwa kimeumia miaka mingi kabla, ndani kwa ndani, mahali ambapo aliyeniuzia hakupaangalia na mimi pia sikupaangalia. Nilikichomeka siku ileile kwa hamu, na hamu hiyo ikanigharimu miezi mitano ya matengenezo. Somo hili nimeliandika ili wewe uanze pale nilipopaswa kuanza mimi.

Kwanza tukijue chenyewe. Polysix ilitoka Japani mwaka 1981. Kabla yake, aliyetaka kinanda cha analogi (kinachozaa sauti kwa saketi za umeme, si kwa tarakimu za kompyuta) cha sauti nyingi chenye kumbukumbu ya programu, yaani mipangilio ya sauti, alitazama Prophet-5, iliyoundwa na Dave Smith huko Marekani mwaka 1978, na bei yake wengi hawakuiweza. Korg wakaleta sauti sita kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Vibao 61, programu 32 za kuhifadhi, na kila sauti ina osileta yake (inayozaa mlio), filta yake (inayouchuja mlio) na envelopu yake (inayopanga noti ianze na iishe vipi). Ukishika noti sita, ni mashine sita ndogo zinazoimba pamoja, kila moja ikitofautiana na mwenzake kidogo sana. Hapo ndipo utamu wake ulipo, kama safu ya fidla: wapigaji wote wako kwenye noti moja lakini si mkono mmoja.

(Wazee wetu wa Lamu wakisema kinanda hawakuwa na maana ya vibao. Kilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa kibangala. Jina likahamia kwenye vibao baadaye.)

Hatua ya 1: Usikichomeke

Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyouzwa Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka hapa moja kwa moja utaiunguza. Kama ni ya 100, nunua transfoma ya kushusha umeme, na uandike kwa wino mzito kwenye waya wenyewe ili mtu wa nyumbani asije akauchomeka ukutani. Kama ni ya 220 au 240, bado weka stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) katikati. Umeme wetu hupanda na kushuka, na vipuri vya mwaka 1981 havina duka la karibu.

Hatua ya 2: Fungua, tafuta betri

Hapa ndipo somo lilipo, kwa hiyo nitakaa.

Ili programu zisipotee kinanda kikizimwa, Korg waliweka betri ndogo ya kuchajiwa ya volti 3.6, ya nikeli na kadimiamu, na wakailehemu juu ya bodi iitwayo KLM-367. Bodi hiyo ndiyo ubongo: inasoma vibao, inasoma swichi, inagawa noti kwa zile sauti sita. Betri za aina hii zikizeeka huvuja. Kinachovuja si asidi kama ya betri ya gari, ni maji makali ya jamii ya magadi, na hula shaba polepole hata kama kinanda hakijaguswa kabatini. Kwa hiyo kinanda kilichofichwa vizuri miaka ishirini kinaweza kuwa kibaya kuliko kilichopigwa kila wiki.

Mimi nilipofungua niliona ukungu wa kijani umeizunguka betri, upana wa sahani ya kikombe. Chini ya kioo cha kukuzia, njia za shaba zilikuwa zimegeuka nyeusi, na nilipozigusa kwa ncha ya sindano zikainuka kama ganda la kitunguu. Risasi ya kulehemu kwenye miguu ya chipu ilikuwa imefifia rangi ya majivu. Mashine ikiwa katika hali hiyo, kila dakika ya umeme unaoiwashia ni ya kuizidishia.

Kwa hiyo: chomoa waya wa umeme, kisha subiri, maana kapasita za sehemu ya umeme hubaki na chaji kwa muda. Vaa glovu na miwani. Kata miguu ya betri, itoe, iweke kwenye mfuko uliofungwa. Kadimiamu ni sumu, usiitupe baharini wala kwenye taka za jikoni. Sugua palipochafuka kwa mswaki laini na siki nyeupe. Siki inaua ile magadi, utaona povu dogo. Rudia mpaka povu likome. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kujazia betri za gari (si asidi yake), kisha maliza kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uache feni ikaushe usiku kucha.

Kisha chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio (hulia njia ikiwa nzima), na ufuate kila njia ya shaba iliyopita pale, kutoka mwanzo hadi mwisho. Isipolia, unganisha kwa waya mwembamba. Mimi niliunganisha njia kumi na moja. Kazi hii ni ya subira na macho, na kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, usijifunzie hapa. Mpelekee fundi wa redio na simu unayemwamini, ukae naye.

Betri mpya usiirudishe juu ya bodi. Ivutie nyaya mbili uifunge pembeni mwa sanduku, ili hata ikivuja ivujie mbao. Ukiweka ya kuchajiwa ya nikeli ya aina mpya, volti 3.6, inatosha. Ukitaka ile bapa ya lithiamu, CR2032, ni lazima uweke dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kuzuia, kwa sababu bodi inapeleka chaji kwenye betri, na lithiamu ya aina hiyo ikichajiwa inaweza kupasuka.

Hatua ya 3: Sikiliza sauti moja moja

Sasa washa, uache nusu saa. Osileta za analogi hubadilika na joto, na kusawazisha noti kinanda kikiwa baridi ni kazi bure. Chagua sauti nyepesi isiyo na efekti, shika noti ya kwanza, ongeza ya pili, ya tatu, mpaka sita, taratibu. Kila kidole kinapoingia sikiliza: ipo? imepauka kuliko wenzake? imepotea kwenye noti? Ikiwa moja tu ni mbovu, ugonjwa uko kwenye sauti hiyo. Ikiwa zote zinafanya vituko, rudi KLM-367.

Kibao kisichoitika kisafishe panapogusana kwa spiriti na pamba. Usipige msasa kamwe.

Hatua ya 4: Hifadhi programu

Nyuma kuna tundu za kaseti. Mlio unaotoka hapo ndio kumbukumbu yako yote 32. Siku hizi unarekodi kwa kompyuta badala ya kaseti, lakini hifadhi faili la WAV, si MP3, maana MP3 inapunguza sehemu za mlio na kinanda kinaweza kushindwa kuusoma tena.

Hatua ya 5: Safu ya fidla

Osileta weka wimbi la msumeno, osileta ndogo ya chini izime. Filta fungua nusu, rezonansi (mkazo wa filta) karibu na sifuri. Envelopu: mwanzo uchelewe kidogo, namba 3 au 4, na mwisho namba 4, ili noti iingie kama uta unavyoshika waya. Sasa bonyeza efekti ya Ensemble. Hapo utasikia chumba kikipanuka. Kwa utangulizi wa taarabu, kabla mwimbaji hajaingia, sijapata kinanda kipya kinachonipa hivi.

Ukitaka kitu kama akodiani, badili wimbi liwe la mraba na uondoe ule uchelevu. Basi.

Hatua ya 6: Chumvi

Kusi ikianza na masika yakiingia, nyumba zetu za mawe zinanywa unyevu. Usikiweke kinanda kimeegemea ukuta, hata kama chini ya zidaka panapendeza. Kifunike kwa leso ya pamba, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani. Kiwashe saa moja kila wiki, joto lake lenyewe linakikausha. Na kama una kiyoyozi, usikitoe kwenye baridi ukakifungua barazani palepale. Kitatoa jasho ndani kama gilasi ya maji ya barafu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Malindi: Mwalimu, changu kinapiga noti zenyewe bila kuguswa, na swichi za programu nyingine hazifuati. Fundi ameniambia ni vibao vimekufa, nibadilishe vyote. Nifanyeje?*

Usibadilishe chochote kwanza, ndugu yangu. Noti kujipiga pamoja na swichi kukataa ni dalili za KLM-367, kwa sababu vibao na swichi vyote vinasomwa na bodi hiyo moja. Mwombe afungue akuonyeshe betri kwa macho yako. Ukiona kijani, mpe hatua ya 2 aisome.

*Kutoka Mokowe: Ami, si bora kununua Juno-106 tu, ile haina taabu za kupotea noti?*

Ni kweli, mwanangu, Juno-106 ya mwaka 1984 osileta zake zinaongozwa kidijitali na noti zinakaa, tena ina MIDI (njia ya kuunganisha vinanda na kompyuta) ambayo Polysix haina. Lakini nayo ina ugonjwa wake: chipu za sauti zimefunikwa kwa utomvu ambao ukizeeka unaziharibu, na sauti zinakufa moja moja. Nunua ile ambayo umeisikiliza kwa masikio yako. Jina lisikuamulie.

*Kutoka Mpeketoni: Kwenye harusi ya uwanjani tunatumia jenereta. Kitadhurika?*

Jenereta ikikohoa, volti zinaruka. Stabilaiza ni lazima, na kinanda kiwashwe baada ya jenereta kutulia, kizimwe kabla haijazimwa. Tena fika mapema, maana ile nusu saa ya joto iko palepale.

*Kutoka Shela: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga na babangu wa udi. Akiingia maqamu ya bayati mimi nakwama, kwa sababu ile noti ya pili haipo kwenye vibao. Kuna njia?*

Marahaba, binti. Njia ipo, ila ni ya mkono. Vibao vya Polysix ni nusu toni tu, na bayati ya D inataka E iliyo katikati ya E na E bapa. Bonyeza Unison, sauti zote sita ziungane kwenye noti moja, kwa sababu gurudumu la kupindia linapinda kila kitu kwa pamoja na ukishika noti kadhaa pamoja utaziharibu zote. Punguza upeo wa gurudumu mpaka likifika mwisho wake lisizidi nusu toni. Kisha piga E kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshavuta gurudumu chini nusu ya safari. Uvute kabla ya noti, si baada, la sivyo itasikika imeteleza. Ukirudi D au ukienda F, liachie. Mwombe babako ashike E yake kwenye udi bila kuiachia, wewe uitafute mpaka mtetemo kati yenu ukome. Ukishaipata, weka alama ya kalamu ubavuni mwa gurudumu. Yangu ina alama mbili, ya bayati na ya maqamu ya rasti, na ile ya rasti iko juu kidogo.